Jinsi ya Kumtambua Mtoto wa Fukusi

Ndugu wasomaji, wengi wenu mmepata kukata kiazi kitamu na kukuta ndani yake vijia vyeusi, na katika vijia hivyo vidudu vidogo vyeupe. Mara nyingi mtu hukunja uso, hukitupa kiazi kile na kuchukua kingine. Hajiulizi mdudu yule ni nani. Mimi nilikuwa na kosa baya kuliko hilo, maana nilijitia kujua. Basi nataka kwanza niwaeleze kosa langu, kisha nieleze namna ya kumtambua mtoto wa fukusi kabla hajawa mkubwa, ili msije mkakosa kama nilivyokosa mimi.

Shangazi yangu analima viazi vitamu katika bonde moja pembezoni mwa mji wetu wa Kigali. Mji huu umejengwa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kati ya kilima na kilima mna mabonde yenye unyevu. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hata Septemba, vilima vinapokauka, watu hushuka kulima mabondeni. Wakulima wa Rwanda hukiita kilimo hicho Msimu C. Viazi vitamu, ambavyo kwa Kinyarwanda ni ibijumba, hupandwa sana huko, nalo bonde ndilo huhifadhi marando ya kupanda mvua zitakaporudi.

Likizo moja nilikwenda kumsaidia Shangazi kuvuna. Tukakuta viazi kadhaa vina vidudu. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unasoma sekondari. Hawa ni wadudu gani?" Nilitazama mara moja tu. Niliona ni weupe, wamepinda kidogo, na vichwa vyao ni vya rangi ya kahawia. Nikakumbuka mabuu wanene niliowaona zamani katika lundo la samadi ya ng'ombe, nao pia ni weupe, wamejikunja, wana vichwa vya kahawia. Nikajibu kama mwalimu mbele ya darasa, "Hawa wametoka katika samadi, Shangazi. Usitie samadi tena, nao watakwisha."

Shangazi aliniamini. Hakutia samadi tena. Lakini marando aliyakata katika shamba lile lile, hata sehemu za chini zilizokomaa, akayapanda hatua chache tu kutoka shamba la zamani. Mavuno yaliyofuata yalikuwa haba kwa kukosa mbolea, na machungu kwa wingi wa wadudu. Magunia mawili hayakufaa kuuzwa wala kuliwa, na fedha yake ndiyo iliyotazamiwa kumnunulia binamu yangu sare na madaftari. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, nilidhani umemtazama." Neno hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Niliporudi shuleni nilichukua kiazi kimoja kibovu nikampelekea mwalimu wetu wa Bayolojia. Nikamwonyesha buu mmoja na kumsimulia habari yote. Aliniuliza swali moja: "Ana miguu mingapi?" Sikuweza kujibu, kwa sababu sikuwa nimehesabu. Hapo ndipo somo langu lilipoanza.

Fukusi ni nani

Fukusi ni mdudu wa jamii ya mbawakawa. Alama yake ni kichwa kilichochongoka mbele kama mkonga, na mdomo wake mdogo uko kwenye ncha ya mkonga huo. Watu wengi wanamjua yule wa mahindi, ambaye jina lake la kitaalamu ni Sitophilus zeamais. Wadudu waharibuo viazi vitamu katika nchi zetu ni hasa wawili: Cylas puncticollis, ambaye ni mweusi, na Cylas brunneus, ambaye ni mdogo zaidi na ana rangi ya kahawia. Wa tatu, Cylas formicarius, ana makao makubwa Asia na Marekani. Wataalamu huwaweka Cylas katika jamaa la Brentidae, ambalo ni ndugu wa karibu wa jamaa la fukusi wenyewe, lakini mkulima huwaita wote fukusi, na sioni vibaya kumfuata. Ukimwona mkubwa wa Cylas utadhani ni siche, yaani chungu mwembamba mwenye kiuno. Ukimgusa, hujifanya amekufa.

Mkubwa, basi, hana shida kumtambua, kwa sababu ya mkonga wake. Shida iko kwa mtoto, maana mtoto hana mkonga.

Fukusi hupita hali nne katika maisha yake. Kwanza ni yai. Jike hutoboa kitundu katika shina au katika kiazi, hutaga yai moja, kisha huziba kitundu kwa mavi yake. Yai lenyewe halifiki milimita 1, kwa hiyo ni vigumu sana kuliona. Pili ni buu, ambaye hula akitoboa njia ndani ya kiazi, akiijaza nyuma yake uchafu wake. Tatu ni bundo, ambaye hali wala hatembei, bali hugeuka umbo. Nne ni mdudu kamili. Kukiwa na joto la kutosha, safari hii yote huchukua kiasi cha mwezi mmoja, na kukiwa na baridi huchukua muda mrefu zaidi. Mavuno ya viazi hungoja miezi minne au mitano, kwa hiyo vizazi kadhaa vya fukusi huweza kuzaliwa katika tuta moja kabla jembe halijafika.

Hesabu miguu

Sasa nieleze namna ya kumtambua buu. Chukua kisu, karatasi nyeupe, na kama unayo, lenzi ya kukuzia. Mtoe buu polepole, umweke juu ya karatasi, na uulize maswali matatu kwa mpango huu.

Swali la kwanza: je, ana kichwa? Tafuta sehemu ngumu ya rangi ya kahawia yenye meno mawili ya kutafunia. Kama haipo, na mwili umechongoka upande mmoja bila kichwa cha kuonekana, huyo ni funza wa nzi. Funza huingia katika kiazi kilichokwisha kuoza. Yeye hakuanzisha uharibifu, amekuja karamuni baadaye.

Swali la pili: je, ana miguu? Tazama chini ya kifua, mara baada ya kichwa. Mtoto wa fukusi ana kichwa cha kahawia, lakini hana mguu hata mmoja. Mwili wake ni mweupe, laini, umepinda kidogo, na akikomaa hufikia kiasi cha milimita 8. Wale mabuu wanene wa samadi na udongo, niliowasingizia mimi, wana miguu sita mbele, iliyo wazi kabisa hata bila lenzi. Hao ni watoto wa mbawakawa wengine. Huweza kuguguna kiazi kwa nje na kuacha mashimo mapana, lakini hawazaliwi ndani yake. Kama ningeinama na kuhesabu, nisingesema niliyoyasema.

Yuko pia mtoto wa nondo wa jamii ya Synanthedon, ambaye mabawa yake akiwa mkubwa hupenya nuru kama kioo. Kiwavi wake hutoboa shina karibu na ardhi, na baadhi ya watu humdhania kuwa fukusi. Lakini ana miguu sita kifuani, na tena vijiguu vingine laini chini ya tumbo. Naye ni mrefu kuliko mtoto wa Cylas, maana huweza kupita sentimita 2.

Swali la tatu: je, ulimkuta wapi? Swali hili ni la lazima, kwa sababu mafukusi ni wengi, na watoto wao wote hawana miguu. Aliye ndani ya kiazi, katika vijia vilivyojaa uchafu mweusi, ni wa Cylas, ingawa Cylas huingia hata katika shina. Aliye katika shina lililovimba, naye ni mkubwa kidogo, huenda ni wa Alcidodes dentipes, fukusi mnene mwenye michirizi myeupe mgongoni. Na aliye nje, katika udongo unaogusa kiazi, akichimba mifereji juu ya ngozi tu, ni wa Blosyrus, fukusi mwenye mwili wa matuta-matuta kama donge la udongo.

Tofauti hii ya mwisho ina faida jikoni. Kiazi kilichochorwa mifereji na Blosyrus ni kibaya kwa macho, na mnunuzi hukikataa, lakini ukimenya ganda nene, nyama yake inalika. Kilichoingiliwa na Cylas sivyo. Kiazi kinapotafunwa ndani hujitetea kwa kutengeneza vitu vichungu, na uchungu huo huenea hata mahali ambapo mdudu hakupita. Kupika hakuuondoi. Kwa hiyo mtu asiyejua tofauti huweza kutupa chakula kizuri, au kupeleka nyumbani chakula kisichoweza kulika.

Bundo naye ana alama yake. Ni mweupe, amelala kimya katika kijumba kidogo ndani ya kiazi. Ukimtazama kwa lenzi utaona miguu imekunjwa kifuani, na kati ya miguu hiyo mkonga umeinama kuelekea tumboni. Ukikuta bundo mwenye mkonga, huna haja ya kuuliza tena kama ni fukusi.

Mfuge ndipo umjue

Hata hivyo mwalimu wetu alituonya. Watoto wa Cylas puncticollis na wa Cylas brunneus wanafanana mno, na macho ya mwanafunzi hayawezi kuwatenga. Njia ya kweli, ambayo hata wataalamu huitumia, ni kumfuga mtoto mpaka awe mkubwa, kisha mkubwa atamtaja mwenyewe.

Mimi nilifanya hivi. Nilikata vipande vya kiazi chenye mabuu, nikaviweka katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, juu ya karatasi ya kunyonya maji. Mdomo nikaufunika kwa kitambaa chepesi, nikakifunga kwa uzi barabara. Chupa nikaiweka kivulini. Juu yake nikabandika karatasi yenye tarehe, mahali kiazi kilipotoka, na sehemu ya mmea mabuu walipokuwa. Ndugu zao wawili sikuwafuga. Mwalimu aliwatumbukiza katika maji ya moto sana, kisha akawahifadhi katika kichupa cha spiriti, ili mkubwa akitoka tuwe na mtoto wa kumlinganisha naye. Bila karatasi ile ya tarehe na mahali, chupa ni uchafu tu.

Nilifungua daftari kila asubuhi. Siku ya 9 nilikata kipande kimoja nikakuta bundo mwenye mkonga. Siku ya 21 mdudu mweusi, mwembamba kama siche, alikuwa anatembea juu ya kitambaa kwa ndani. Alikuwa Cylas puncticollis. Nilifurahi, kisha nikaona haya, maana nilikumbuka magunia mawili ya Shangazi.

Faida ya kumjua

Mtu anaweza kusema, "Mdudu ni mdudu, wote waharibifu, ya nini kuhesabu miguu?" Jibu ni kwamba kila mdudu ana mlango wake, na ukifunga mlango usio wake hujafanya kitu. Mimi nilifunga mlango wa samadi, na fukusi akapita katika marando.

Fukusi wa viazi hutaga katika shina, hasa sehemu za chini zilizokomaa. Kwa hiyo marando ya kupanda yakatwe kwenye ncha changa, kiasi cha sentimita 30, kutoka shamba lisilo na wadudu. Tena fukusi hana uwezo wa kuchimba chini sana. Hufika kwenye kiazi kwa kupita katika nyufa za udongo, na ndiyo sababu kiangazi ni wakati wake wa neema. Basi palilia, inua matuta, ziba nyufa. Usipande shamba jipya karibu na la zamani. Vuna kwa wakati, usiache viazi ardhini kama ghalani. Viazi vilivyoharibika na mashina ya zamani visiachwe shambani, vichomwe au vizikwe chini sana. Hata magugu ya jamii ya kiazi yanayotambaa kandokando yang'olewe, maana fukusi hukaa humo akingoja. Katika haya yote hakuna dawa ya kununua.

Tena si kila fukusi ni adui. Mto wetu wa Akagera huchukua gugu maji na kulipeleka Ziwa Viktoria. Gugu hilo lilipoziba maji ya ziwa, watu wa Uganda waliwafungulia mwaka 1995 fukusi wawili wenye asili ya Amerika ya Kusini, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, na watu wa Kenya wakafuata mwaka 1997. Watoto wao hutoboa vikonyo vya gugu, wakalidhoofisha. Buu wa Neochetina naye ni mweupe, ana kichwa, hana miguu. Ukimweka kando ya buu wa kiazi, utasema ni ndugu. Mmoja huua chakula chetu, mwingine huua adui wa wavuvi. Mmea alimokutwa ndio unaomtofautisha.

Katika Amerika ya Kaskazini liko gugu la miiba lenye ua la zambarau, Carduus nutans. Mwaka 1968 nchini Kanada, na mwaka 1969 nchini Marekani, watu walimleta kutoka Ulaya fukusi Rhinocyllus conicus, ambaye watoto wake hula mbegu ndani ya kichwa cha ua. Alifanya kazi yake vizuri. Lakini baadaye, watu walipopasua vichwa vya maua ya mimea ya miiba ya asili ya nchi ile, ambayo haikukusudiwa, wakamkuta humo pia, na habari hiyo ilitangazwa mwaka 1997. Kazi ya kupasua vichwa vile ni kama yetu ya viazi. Mara nyingine mna funza wa nzi wasio na kichwa, na mara nyingine mna mabuu wa fukusi wenye kichwa cha kahawia. Asiyejua kutofautisha angeandika habari ya uongo kwa moyo safi, kama nilivyompa Shangazi.

Neno la mwisho

Msimu uliofuata nilirudi bondeni na chupa yangu. Nilimwonyesha Shangazi mtoto katika spiriti, na mkubwa aliyekauka, nikamwomba radhi. Alivaa miwani yake, akageuza kichupa kwenye jua muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe hana miguu. Basi hakutembea mwenyewe kuja hapa. Mimi nilimbeba katika marando." Sikuwa nimemwambia neno hilo. Alilifahamu mwenyewe, kwa kutazama.

Tulipata marando ya ncha kwa jirani wa kilima cha pili, tukayapanda mbali na shamba la zamani, na samadi ikarudi mahali pake. Mavuno hayakuwa makamilifu, maana fukusi bado wamo bondeni na jirani wengine hawajabadili desturi. Lakini viazi vingi vilikuwa vitamu, na binamu yangu alipata sare yake.

Ndugu wasomaji, mkiulizwa na wazee wenu habari ya mdudu, msifanye haraka kujibu ati kwa kuwa mmesoma. Mtoeni mwekeni juu ya karatasi. Tazameni kichwa, hesabuni miguu, andikeni mahali mlipomkuta. Na kama bado hamjui, semeni "Sijui, lakini nitamfuga nione." Chupa tupu na kitambaa cha kuifunika hazikosekani katika nyumba yoyote.